Nanga Isiyojua Bahari

Kwenye meza ya Semkiwa, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kuna vitasa visivyo na milango,
miwani yenye mkono mmoja,
vijiko vya hoteli iliyokwisha kufungwa,
na mkebe wa biskuti uliojaa medali.
Mimi huanzia mkebeni.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa.
Aliniachia deni la pango, daftari la alama,
na lenzi ndogo ya kubana kwa kope.
Wapitao hudhani nakunja uso kwa maringo.

Sumaku kwanza. Kinachoirukia sumaku, kirudi mkebeni.
Kisha harufu: shaba huacha ukali kiganjani,
fedha huondoka bila kuaga.
Na usisugue. Wallahi usisugue, hata kwa dawa ya meno!
Weusi ule ni umri,
nao umri ukishaufuta huurudishi.
Halafu ukingoni, chini ya kipete cha kuning'inizia,
pale asipotazama mtu,
tafuta vilivyopigwa kwa nyundo, vidogo kama punje za uwele.

Mwezi mchanga, taji, nambari mia nane:
fedha ya Mjerumani.
Semkiwa aliwahi kuniapia kuwa moja imetoka msikitini,
kwa ajili ya ule mwezi.
Kichwa cha chui, London.
Nanga, Birmingham, mji ambao, alisema marehemu,
hauna bahari hata ya kunawia miguu.
Tulicheka mpaka chai ikapoa,
sisi wa Tanga, tuliolelewa na honi za meli,
tusio na nanga hata moja kwenye fedha.

Jumanne niliipata.
Nanga. Simba anayetembea, mguu mmoja juu.
Herufi N: kwa daftari, mwaka wa thelathini na saba.
Mbele, mikono miwili imekamata kamba.
Zawadi ya shamba la mkonge, nadhani,
sikukuu ya kuvutana,
kwa kamba waliyoisokota wenyewe.
Nyuma, mstari wa jina umeachwa mtupu;
bwana shamba hakumlipa mchongaji.
Mtu kajichonga mwenyewe, kwa msumari:
KIBWANA,
N yake imegeuka, kama ya aliyejifunza kuandika kiooni.

"Hiyo vipi, Mama Riziki?"
"Bati," nikasema. "Nampelekea mjukuu achezee."
"Elfu mbili."
Nikatoa elfu mbili.

Usiku haukunichukua.
Lugha yetu nayo ina mzaha wake:
fedha ni hii niliyoilalia chini ya mto,
na fedha ni ile niliyomdhulumu Semkiwa.
Kwa simba yule, mtu fulani alikwangua kipande,
akakichoma, akakipima,
ndipo akainua nyundo.
Nikawasha taa. Nikavaa lenzi mbele ya kabati la kioo:
jicho kubwa, jekundu,
halina muhuri popote.
Nikafungua daftari, nikaandika:
nanga, simba, N, Kibwana.
Gramu kumi na moja.
Nikakaa na kalamu hewani. Safu ya bei
sikujua niijaze nini.

Asubuhi nikarudi na elfu thelathini,
zile za pango.
"Jana nilikudanganya. Ile haikuwa bati."
Semkiwa hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga vitasa,
vikubwa nyuma, vidogo mbele.
"Najua. Niliiuma siku niliyoinunua.
Nilitaka kusikia wewe utaiitaje."

Akazipokea noti, akazihesabu mara mbili,
kisha moja akaiinua juani,
akafumba jicho la kushoto,
aone kama ni halali.